Njia ya Pori: Nani Alikufundisha?

Ndugu msomaji, siku ulipoingia kazini ulipewa kofia ngumu, viatu vya mpira na kadi yenye jina lako. Kapita alikuonyesha mahali pa kusimama wakati mawe yanashuka, mahali pasipotiwa mkono, na mtu wa kuita kama mwenzako ameumia. Mafundisho hayo ni mazuri na ukurasa huu umeyasifu mara nyingi. Leo tunakuuliza jambo lingine. Nani alikufundisha kuvuka mto uliojaa? Nani alimfundisha mama anayepanda lori Baraka kabla ya jua kutoka, na furushi lake la ndagala, akashuka katikati ya njia na kumaliza safari kwa miguu mpaka kwenye machimbo? Nani alimfundisha yule kijana wa kubeba mizigo, asiye na kofia wala kadi, ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha kazi?

Jibu unalijua. Hakuna mtu aliyewafundisha. Na ukiuliza kwa nini, utasikia maneno yale yale kila mara: «Huyu ni mwana wa Fizi, pori analijua tangu tumbo la mama yake.»

Sisi wa ukurasa huu tunasema maneno hayo yanaua watu. Yanaonekana kama sifa, lakini kazi yake ni kumtoa mtu kwenye mafundisho. Mhandisi akitoka mbali anapewa kiongozi wa njia, koti la mvua, maji safi na simu. Mwana wa nchi anapewa sifa.

Tazama vizuri, Fizi si pori moja. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na milima ya Itombwe inapita mita 3,000. Kila unapopanda mita 1,000, baridi inaongezeka kwa digrii 6 hivi. Mvuvi wa Mboko au wa Kazimia anasoma wingu juu ya ziwa kama wewe unavyosoma barua, lakini mpandishe kwenye nyanda za juu jioni, na shati lake moja lililolowa, utaona kama uzaliwa wa Fizi unamsaidia kitu. Mchungaji wa Minembwe naye anajua ukungu, anajua baridi, anajua ng'ombe aliyepotea yuko upande gani. Mteremshe Baraka, umpandishe kwenye mtumbwi wa moteri, upepo wa kusini ukianza kuvuma ndipo utajua kwamba hajawahi kuogelea hata siku moja.

Halafu kuna vijana wetu waliozaliwa ng'ambo. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilivusha watu wengi sana wa Fizi mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika mwaka ule wa 1996. Tangu 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka. Mtoto aliyekulia kambini alijifunza kupanga mstari kwenye bomba na kungoja siku ya posho. Alijifunza pia Kiswahili kizuri kushinda chetu, tukubali. Lakini nani angemwonyesha kule namna Mutambala unavyobadilika rangi kabla ya kujaa? Leo kijana huyo ni mtu mzima, anabeba gunia kwenye vilima vya Misisi, na watu wanamwita mwenyeji. Vivyo hivyo ndugu zetu Warundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015: wanatafuta kibarua mahali popote, na njia hawazijui. Na Batwa, ambao kweli wanajua msitu kuliko sisi wote, ni lini uliona mmoja wao ameitwa kufundisha? Wanaitwa kubeba tu.

Kwa hiyo hatuandiki leo kwa ajili ya mtu wa mjini aliyekuja kutalii. Tunaandika kwa ajili ya hao ambao hakuna anayewahesabu kuwa wanafunzi.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayotuua zaidi. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025 mvua kubwa ilipiga kijiji cha Kasaba, katika sekta ya Ngandja, hapa hapa Fizi. Mto Kasaba ukatoka kwenye njia yake, ukaleta mawe, miti na tope juu ya watu waliolala. Wakubwa wa serikali walitangaza vifo zaidi ya 100, na wengi wao walikuwa watoto na wazee. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa tu, na mtandao wa simu haukuwepo. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulifanya vile vile Uvira. Na tarehe 11 Septemba mwaka huo huo, kule Kamituga, maji ya mvua yaliingia katika mashimo ya machimbo yanayoitwa Detroit na kuua watu wapatao 50.

Unaona kwamba mito yetu ina tabia moja. Inatoka juu sana na inafika ziwani kwa mbio, kwa sababu mlima na ziwa vimekaribiana. Mvua inaweza kuwa inanyesha huko juu wakati wewe chini unaota jua. Na mahali pazuri pa kujenga, pale tambarare karibu na ziwa, mara nyingi pamefanywa na mto wenyewe: ni mchanga na mawe aliyoyaleta siku nyingine, na anaweza kurudi kuyaongeza. Ukifika mahali pageni na unatafuta pa kulala, angalia ardhi. Ukiona mawe ya mviringo yametawanyika kila upande, makubwa kama chungu, mto ulikwisha kupita hapo. Lala pembeni, juu zaidi, hata kama pale chini kuna duka na muziki.

Dalili za mto unaokuja ni hizi: maji yanageuka rangi ya udongo ghafula, yanaleta majani na vijiti vibichi, na unasikia mlio kama wa magari mbali, ndiyo mawe yanayogongana. Kuna dalili moja inayodanganya watu wengi. Mvua inanyesha, lakini mto unapungua. Watu wanafurahi na kuvuka. Kumbe udongo umeporomoka huko juu na kuziba mto, na ukizibuka unakuja wote kwa mara moja. Ukiona hivyo, panda mlima upande wa kando. Usikimbie kufuata mto kwenda chini, hutaushinda mbio.

Kuhusu kuvuka: maji yanayokwenda kwa kasi na kufika katikati ya muundi tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakipita goti usijaribu. Ngoja. Mito hii inajaa upesi na kupungua upesi; saa mbili au tatu za kukaa chini ya mti si hasara kubwa. Kama ni lazima kuvuka, tafuta mahali mto unapopanuka, maana palipo pembamba ndipo penye kina na nguvu. Shika fimbo ndefu, elekeza uso kule maji yanakotoka, sogeza mguu mmoja tu kwa wakati, na usivue viatu, maana jiwe likikukata mguu utaanguka.

Hapa tunasema na wamama, na wanaume wasikilize pia. Mizigo yetu ya mgongoni inashikwa na kamba inayopita kwenye paji la uso. Kwenye mlima ni njia nzuri, shingo na mgongo vinagawana uzito. Kwenye mto ni mtego. Ukianguka, mzigo unakuvuta kwa kichwa na uso wako unabaki ndani ya maji. Kabla ya kuingia mtoni, toa kamba kwenye paji, uishike kwa mkono au uiache begani, ili mzigo uweze kukutoka. Ndagala zinunuliwe tena. Na kama una mtoto mgongoni, maji yaliyopita goti si ya kuvuka kabisa, hata kama soko linaanza na hata kama wengine wamekwisha kufika ng'ambo na wanakucheka.

Tumekaa sana kwenye mto, lakini ndivyo inavyostahili.

Baridi watu wanaidharau, kwa sababu tuko Afrika na jua ni kali. Mtu aliyelowa, mwenye njaa, na upepo ukimpiga, anaweza kufa kwa baridi bila barafu yoyote. Kwanza anatetemeka, kisha vidole vinashindwa kufunga kifungo, halafu anasema kama mlevi na kutaka kukaa peke yake. Wenzake wanamkasirikia, wanasema amekunywa. Huyo ni mgonjwa. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mkumbatieni katikati yenu, mpeni chai yenye sukari kama anaweza kumeza. Pombe usimpe, inamdanganya kuwa ana joto, kumbe inalipoteza. Dawa ya baridi ni rahisi kuliko zote za ukurasa huu: nguo moja kavu na kikwembe kimoja, vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na usivitoe mpaka umefika mahali pa kulala. Mfuko huo hauna bei. Sijui kwa nini wanaume wa machimbo wanaona haya kuubeba.

Radi nayo tusiipite. Picha za satelaiti zilizohesabu radi duniani kote ziliweka Kabare, hapa Sud-Kivu, nafasi ya pili, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo: kila sekunde 3 ni kilometa moja. Ikiwa hazifiki 30, radi imekaribia. Shuka kutoka kilimani, toka majini, achana na mti ulio peke yake, weka chini jembe na sururu, na ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kundi lisijibane pamoja. Achaneni mita kadhaa. Wengine watasema radi hutumwa na mtu. Hatutabishana nao hapa. Hata iliyotumwa humwona upesi aliyesimama juu ya kilima.

Maji ya kunywa: kolera inaifahamu njia ya Baraka na Fizi kuliko madereva, na watu wanaendelea kuteka ziwani pale pale wanapooga. Bidoni lako la njiani lijazwe maji yaliyochemka kweli, yaani yaliyopanda mapovu makubwa kwa dakika moja nzima, na kule juu ya mita 2,000 dakika tatu. Kama kuni hakuna, tumia kidonge cha klorini kama karatasi yake inavyosema, lakini uchuje tope kwanza kwa kitambaa safi, maana kwenye maji machafu dawa inachoka. Kama hata kidonge hakuna, chupa ya plastiki isiyo na rangi, yenye maji yasiyo na tope, ilazwe juani saa 6, au siku mbili kama kuna mawingu. Mwenzako akianza kuharisha kama maji, usingoje kufika: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo njia yote mpaka kituo cha afya. Anayebeba sukari ya chai na chumvi ya bugali amekwisha kubeba dawa.

Nyoka tunamtaja kwa ufupi, kwa sababu ya jiwe jeusi. Watu wengi wanalitegemea. Shirika la Afya Duniani halishauri kulitumia, wala kukata jeraha, wala kunyonya sumu, wala kukaza kamba. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funga mti kama wa mfupa uliovunjika ili kiungo kisitikisike, na mgonjwa abebwe kwa machela au pikipiki. Asitembee. Saa mnayopoteza kutafuta jiwe ndiyo saa aliyohitaji ili afike kwa munganga.

Kuhusu ziwa, wavuvi wa Baraka wanajua kutufundisha, lakini abiria hawawasikilizi. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unapandisha mawimbi, na asubuhi tulivu haiahidi mchana tulivu. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na kufika Goma, watu wa bandarini wakiona kwa macho, na makumi ya abiria walikufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara na watu hawakuwa na njia nyingine. Tunajua kwamba maskini hachagui boti. Lakini anaweza kuchagua pa kukaa: si chini ya mizigo, si chini ya turubai lililofungwa. Avue viatu vizito, na awe na bidoni tupu la lita 20 lililofungwa vizuri. Bidoni hilo linamwelesha mtu mzima aliyelikumbatia. Koti la kuokolea ni bora zaidi, na kompani inayosafirisha wafanyakazi wake kwa maji bila makoti hayo haina haki ya kuandika neno «usalama» kwenye ukuta wake.

Tunakuja kwa jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko mfuko na bidoni, na halina bei kabisa. Ni kuacha neno. Kasaba imetuonyesha kwamba mahali pengi pa nchi hii hakuna simu itakayokusaidia. Kabla ya kutoka, mtu mmoja anayebaki ajue mambo manne: unakwenda wapi, unapita njia gani, uko na nani, na siku gani wakuanze kukutafuta. Hilo la mwisho ndilo watu wanalosahau. «Nitarudi» si neno. «Kama sijafika Alhamisi jioni, waulize Lulimba» ni neno.

Katika machimbo makubwa mfanyakazi ana kadi yake ya kuingia na kutoka. Asipotoka, kengele inalia. Yule mama wa ndagala akipotea Jumatatu, wanaweza kujua Ijumaa. Yule kijana wa ng'ambo, ambaye ndugu zake wako bado Nyarugusu, anaweza kupotea bila mtu kujua hata kidogo. Hapo ndipo unapoona kwamba usalama wa pori si nguvu za miguu tu. Ni kuhesabiwa.

Na vita iko. Ukurasa huu hauwezi kukuambia njia gani ni salama leo, kwa sababu wiki ijayo maneno yetu yatakuwa yamezeeka. Uliza asubuhi ile ile, uliza watu wanaotoka upande unaokwenda, uliza wamama wa sokoni kwanza. Usitembee usiku. Tembeeni watatu au zaidi, na aliye polepole atangulie mbele. Akiachwa nyuma, kundi halimlindi tena. Chuma usichokijua kilicholala njiani kiache kilipo, hata kama kinaonekana cha kuuzwa, na uwaambie watoto.

Sasa maneno yetu kwa wakubwa wa kazi, na tunayasema kwa heshima. Mafundisho ya usalama yanafanywa kwa Kifaransa, saa nne asubuhi, ndani ya uzio, kwa watu wenye kadi. Saa hiyo mama yuko sokoni, mbeba mizigo yuko mlimani, na mwenye Kibembe au Kirundi tu hasikii kitu hata akiwepo. Fanyeni saa ya jioni, kando ya soko, kwa Kiswahili, na awepo mtu wa kugeuza kwa Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge na Kirundi. Mlipeni mzee wa Batwa aonyeshe njia, na mvuvi aonyeshe mawimbi, kama mnavyomlipa yule anayekuja na projekta. Mtasema kwamba watu hao si wafanyakazi wa kompani. Ni kweli. Lakini jiwe wanalolibeba ni lile lile, na bugali wanalopika ndilo linalowasimamisha wafanyakazi wenu.

Wewe msomaji usingoje wakubwa. Nunua daftari la shule, lifunge kwa kamba karibu na mlango wa yule mama anayeuza chai mahali njia inapoanza, na kalamu moja. Jina, njia, wenzake, siku ya kurudi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Kila jioni mtu mmoja asome majina ya waliopaswa kurudi siku hiyo, kwa sauti, mbele ya watu wanaokunywa chai.